Fulana Tisini, Roboti Moja: Kiki ya Ikwiriri Imenichosha

Wadau wangu, leo sina mchapo wa nani kaachana na nani wala nani kahongwa gari na nani. Hizo zipo, zitakuja wikiendi. Leo nina jambo langu na mdau mmoja mkubwa hapa mjini, jina kapuni, ambaye klipu yake mmeitumiana kwenye magrupu mpaka simu zikajaa.

Klipu mnaijua. Ikwiriri, uwanja wa shule, jua la saa saba mchana. Wanafunzi kama tisini wamepangwa mistari kwa urefu, kila mmoja ndani ya fulana mpya yenye jina mgongoni. Jina la mdau, wala siyo la shule. Droni inapaa, muziki unapanda. Katikati ya uwanja pana meza, juu ya meza pana roboti moja, kigari cha magurudumu manne kinachotoshea kwenye sinia la pilau. Na aliyeshika rimoti ni nani? Mdau mwenyewe. Kigari kinakwenda mbele, kinageuka, madogo tisini wanapiga makofi. Mabinti wawili wameshika bango na hawaachii mpaka klipu inaisha. Maandishi chini yanatuambia hii ni timu kubwa ya roboti.

Timu wapi! Wale ni watazamaji waliovalishwa sare.

Ningeishia hapo, nimseme mdau kidogo, tucheke, tuendelee na maisha. Ila kuna mwamba mwingine kajitokeza, huyu ni wa upande wa wasomi, injinia, naye jina kapuni. Kaandika uzi mrefu wa kumjibu mdau. Hoja yake kwa kifupi: tisini ni fujo, hakuna timu ya namna hiyo, wapeni mtihani, wachujwe wabaki kumi wenye vipaji, waliobaki warudi darasani wakasome. Mji mzima ukampigia saluti. Mpaka watu ambao hawajawahi kushika bisibisi wakaandika "umemaliza, mkuu".

Hajamaliza kitu. Na kiukweli, huyu wa pili ananitisha kuliko yule wa kwanza. Mdau kawapotezea wale madogo mchana mmoja wa jua kali, basi. Injinia anataka kuwafukuza themanini kwa mwaka mzima, na tumshangilie.

Kwanza tuelewane kwa nini wapo tisini. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali kidato cha kwanza mpaka cha nne hazilipiwi ada, na shule zikajaa. Darasa ambalo kwa karatasi ni la watu 40, wewe na mimi tunajua likoje. Sasa nenda mji kama Ikwiriri, mji wa barabarani, mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita mchana na usiku, kila dogo ana simu au ana kaka mwenye simu, kashaona roboti zinacheza mpira YouTube. Tangaza klabu ya roboti pale uone. Wakija kumi tu ndiyo ujiulize umekosea wapi. Wakija tisini, hilo ni soko, na mwenye akili hafukuzi wateja kwa sababu wamejaa dukani.

Injinia anasema huko duniani timu ni za watu wachache. Hapa ndipo ninapomshika. Kuna mashindano ya FIRST Global, yalianza 2017 kule Washington, kila nchi inapeleka timu moja. Ni kweli, wanaopanda ndege ni wachache. Hiyo ni timu ya taifa. Taifa Stars nayo uwanjani ni kumi na moja, je, tufunge viwanja vyote vya mtaani tubaki na hao kumi na moja? Watatoka wapi wengine?

Na tukienda kwa wenye mchezo wao, Marekani, FIRST yenyewe ilianzishwa na Dean Kamen mwaka 1989, mashindano ya kwanza yakafanyika New Hampshire mwaka 1992 na timu 28 tu. Leo kule kuna timu za sekondari zenye wanafunzi mia na zaidi. Mia! Halafu sikiliza vizuri: kwenye mechi, wanaoruhusiwa kusimama pembeni ya uwanja kuendesha roboti hawazidi watano, na mmoja wao ni kocha. Mechi ni kama dakika mbili na nusu. Sasa wale tisini na kitu wengine wanafanya nini? Wanashika bango?

Wanafanya kazi, mtu wangu. Wapo waliochora, waliokata chuma, waliofunga nyaya, walioandika programu, wanaotunza betri kwa zamu. Wapo wanaoandika barua za kuomba ufadhili na kufunga mahesabu. Halafu wapo wanaokaa jukwaani na daftari, na hawa ndio wanaonifurahisha zaidi. Uwanjani zinaingia roboti sita kwa mpigo, tatu kwa tatu. Timu kubwa inakalisha watazamaji sita, kila mmoja kapewa roboti moja tu, anaandika kila inachofanya: imefunga mara ngapi, imekwama wapi, betri imeishiwa lini. Wakichoka wanapokelewa na sita wengine. Kutwa nzima. Jioni timu inajua udhaifu wa kila mpinzani, na ikifika saa ya kuchagua washirika wa fainali, haibahatishi. Timu ya watu kumi hiyo kazi inaifanya kwa taabu. Ya watu mia inaifanya huku inakula karanga.

Na ile tuzo yao yenye heshima kubwa kabisa haiendi kwa mwenye roboti kali. Inaitwa Impact Award, wanapewa waliofanya kazi kubwa kwa jamii yao na kuwavuta wengine waingie. Waliobuni mchezo wenyewe wanahesabu watu ulioingiza, injinia wetu anahesabu watu aliowatoa.

Hata ile ligi ya watoto wadogo wanaojenga kwa matofali ya LEGO ina kikomo cha wanafunzi kumi kwa timu. Injinia akisoma hapo anaona ruhusa ya kuchuja. Mimi nikisoma naona hesabu ya darasa la tatu: tisini gawa kwa kumi, fungua timu tisa. Hakuna aliyekuambia utupe themanini!

Tena kuchuja kwenyewe kunamchuja nani? Unampa dogo wa Ikwiriri mtihani wa kitu ambacho hajawahi kukigusa. Atakayefaulu ni yule ambaye nyumbani kuna kompyuta, au mjomba wake ni fundi simu, au alisoma msingi Dar akarudishwa kwa bibi. Kipaji hujakipima hapo, umepima nani alitangulia kugusa. Binti anayetoka shule anakwenda kuchota maji na kupika, ambaye saa yake pekee ya kuchezea nyaya ni hiyo moja ya klabu, huyo ndiye wa kwanza kukatwa. Halafu mwakani utaandika uzi mwingine unauliza kwa nini wasichana hawapendi sayansi.

Sasa mtaniambia, wewe mwandishi wa mambo ya mastaa unajua nini kuhusu kuendesha watu tisini. Nami nawaambia, tokeni na hizo simu mkaangalie karakana za mbao palepale Ikwiriri. Aliyepita barabara ya Kilwa anajua, kabla na baada ya daraja la Mkapa macho yanakutana na vitanda, milango na mafremu. Karakana ya fundi mzuri ina madogo wengi kuliko nafasi. Umeona fundi kawapanga mstari wapige makofi huku yeye anapiga randa? Anayeanza leo anapewa msasa, leo hiyohiyo, asugue mpaka kidole chake kijue mbao imelainika au bado. Aliyetangulia miezi anashika randa. Aliyekomaa anapima na kukata, kwa sababu kosa la kupima linaua ubao mzima. Na fundi hasimamii kila mtu. Anasimamia wale waliokomaa, waliokomaa wanasimamia wanaoanza. Hiyo elimu haijatoka Marekani, na wala haina haja ya kutoka huko.

Klabu ya roboti ni hivyohivyo. Vikosi tisa vya watu kumi, kila kikosi na kiongozi wake. Mwalimu mmoja hawezi kuongea na tisini, koo litakauka kabla ya Juni, ila na viongozi tisa anaongea vizuri tu. Kiongozi awe kidato cha tatu na msaidizi wake cha pili. Cha nne msiwape uongozi, Novemba wana mtihani wa taifa, kisha wanaondoka na kila walichojua kichwani. Klabu nyingi zinakufa hapo. Fundi wa programu kamaliza shule Novemba, Januari hakuna anayejua ile programu inasemaje. Kwa hiyo kila kikosi kina daftari, na kila kikao kinaandikwa: tulifanya nini, nini kiligoma, waya gani unakwenda wapi. Boring? Ndiyo, inachosha. Lakini daftari ndilo linalobaki.

Ndani ya kikosi wengine wanashika umbo, wengine umeme, wengine programu, wengine daftari na hesabu za vifaa, na kila baada ya wiki mbili wanabadilishana. Wanabadilishana kwa lazima, siyo kwa hiari. Najua tabia yetu, ukiacha hiari binti atapewa daftari muhula mzima "kwa sababu ana mwandiko mzuri", na yule kijana mwenye sauti nene ataganda kwenye rimoti kama konda wa daladala mlangoni. Zamu ya kuendesha ipimwe kwa saa. Ikifika siku ya kushindana, aendeshe aliyepita majaribio mbele ya wenzake, awe nani awe nani.

"Kompyuta ziko wapi?" Nimelisikia hilo. Shule ina kompyuta tano, mbili zinawaka. Sawa. Programu inaandikwa kwenye karatasi kwanza. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, yeye ndiye roboti, mwenzake anamsomea amri: mbele hatua tatu, kulia, mbele hatua mbili, simama. Akigonga ukuta, amri zina kosa, warudi kwenye karatasi. Watu tisini wanaweza kufanya hivyo uwanjani mchana mmoja bila umeme hata chembe, na wakifika kwenye kompyuta wanajua wanachotaka kuandika, dakika kumi na tano zinatosha, apishe mwenzake. Nyie mnaotumia saa nzima kuchagua filta mtashangaa dakika kumi na tano zinafanya nini.

Na roboti moja haitoshi, zinatakiwa tisa. Hapa ndipo mdau wangu ningependa anisikilize, kwa sababu pesa anazo na moyo wa kutoa anao, sitaki kumnyima haki yake. Nenda Kariakoo ukaulize bei ya fulana tisini zilizochapwa mbele na nyuma. Halafu geuka duka la vifaa vya umeme ukaulize zile mota ndogo za njano, gurudumu zake, kibao cha Arduino cha kawaida na kishikio cha betri. Ongeza na gharama ya droni na mpiga droni. Piga hesabu mwenyewe, mimi siipigi. Umbo la roboti usinunue kabisa. Ikwiriri mabaki ya mbao yanatupwa na mengine yanaishia jikoni, na mafundi wa kukata ubao wa sentimita ishirini kwa kumi na tano wamejaa mtaani. Roboti yenye mwili wa ubao wa Ikwiriri ina aibu gani? Ile ya plastiki ikivunjika unaagiza China. Ya ubao ikivunjika unatoka getini.

Kuna jambo jingine halisemwi kwenye klipu. Kila aliyesoma shule ya kata anaujua ugonjwa wa vifaa vya msaada: vinafungiwa ofisini visiharibike. Tumechangishwa maabara tatu tatu mwaka 2014, nchi nzima ikahaha, na bado wapo waliomaliza kidato cha nne wameona vifaa siku ya mtihani wa vitendo tu. Roboti nayo inakwenda kabatini ikisubiri mgeni. Akija mgeni inatolewa vumbi, akiondoka inarudi. Simlaumu mwalimu, kikipotea kitu anaulizwa yeye, na mshahara wake unajulikana. Dawa yake ni kila kikosi kuwa na boksi lake na orodha iliyosainiwa, na ubao wa zana ukutani uliochorwa kivuli cha kila bisibisi na kila koleo, ili jioni mkitazama ukuta mjue kipi hakijarudi kabla mtu hajafika getini. Halafu aliyefadhili aseme wazi siku ya kwanza, mbele ya mkuu wa shule: mota tano zitaungua mwaka huu, nimeshaziwekea bajeti. Hiyo kauli moja itafungua kabati kuliko hotuba zote.

Sasa wajenge nini? Maana kigari kinachokwenda mbele na kugeuka, baada ya mwezi mmoja kinachosha. Jibu liko mtoni. Aprili 2024 mafuriko yaliipiga Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, watu wakahama majumba. Huo mto madogo hawahitaji kusimuliwa. Kuna vihisi vidogo vyenye macho mawili, vinatuma sauti isiyosikika na kupima inarudi baada ya muda gani, ndivyo hivyohivyo vinavyozuia kigari kisigonge ukuta. Kifunge juu ya maji, kikitazama chini, kinakupa kimo cha maji. Lakini kihisi cha bei ya chini hakiaminiki peke yake. Jua linakizingua, mvua inakizingua, buibui anajenga ndani. Lazima pembeni pawe na mti uliochorwa vipimo kwa rangi, na mtu aende asubuhi na jioni alinganishe, akiwa na mwenzake na mtu mzima, siyo peke yake, mto una mamba na viboko. Usomaji kumi na nne kwa wiki, kwa kituo kimoja. Wiki ya mitihani, mwezi wa Ramadhani, siku za mvua, bila kukosa, la sivyo namba zenu hazina maana.

Sasa niambie injinia, wale kumi wako wenye vipaji wataweza hiyo zamu? Wiki ya tatu watakuwa hoi. Tisini wanaiweza, kila mtu zamu yake inakuja mara chache kwa mwezi. Na wengine wakakae na wazee wanaolima mlau, ambao wamesoma maji ya mto huo maisha yao yote kwa macho tu, wawaulize maji yakifika kwenye alama ile huwa kinafuata nini. Hiyo nayo ni kazi ya timu ya roboti, tena namba za kihisi bila hao wazee ni namba tu.

Sisemi hayo yote ni rahisi. Tisini wana kelele, watachelewa, watagombana, watapoteza bisibisi, kikosi kimoja kitavunjika katikati ya muhula na mwingine ataacha klabu kwa sababu kapendana na wa kikosi cha nne. Wengi watagundua hawapendi roboti na wataondoka wenyewe kwa miguu yao. Waacheni waondoke. Ila aondoke ameshagusa, amejua kipo vipi, kaamua. Hilo ni tofauti kabisa na kuondolewa na karatasi ya mtihani aliyotunga mtu asiyejua hata kituo cha basi cha Ikwiriri kiko upande gani.

Na vijana wenzangu, tuache unafiki. Sisi ndio tulioipa ile klipu mioyo yote ile. Mdau anafanya kontenti kwa sababu tunailisha. Ingekuwa klipu ya binti wa kidato cha pili ameinama dakika nne anatafuta kwa nini mota ya kushoto haizunguki, tungeivumilia? Angeipata saa ile ile waya umechomoka, tungeshangilia? Mimi ningeshangilia. Wekeni hiyo.

Meneja wa mdau ananijua, namba yangu anayo na huwa anaitumia nikiandika mambo ya ndoa. Safari hii pia akitaka kujibu nitaweka jibu lake hapahapa bila kukata neno. Injinia vilevile, uwanja uko wazi. Ila meneja aje na majibu ya mambo matatu: zile fulana tisini zimevaliwa mara ngapi tangu siku ya klipu, roboti iko wapi leo, na ufunguo wa hilo kabati anao nani.